Ziara ya siku moja Mlingotini na swali la mtoto wa darasa la tatu

Kuna watu wanaopenda safari, na kuna sisi tunaozilipia. Mimi Jumamosi yangu naijua: nguo za watoto zinafuliwa, nalala kidogo mchana, jioni mpira. Kwa hiyo tangazo la ziara ya familia lilipopita kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule, Kosta moja, Bagamoyo na Mlingotini kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, chakula kimo na mwongozaji yumo, nililiruka kama ninavyoruka matangazo ya viwanja.

Mama watoto hakuliruka. Alilipia viti vitatu, halafu ndipo akaniambia kwamba yeye mwenyewe hatakwenda, ana kicheni pati ya binti wa dada yake. Viti vilikuwa vyangu, vya kijana wetu wa kidato cha kwanza, na vya binti yetu wa darasa la tatu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuko Mwenge. Kosta ya wazazi wa shule ni kitu cha kuona. Kila mama ana ndoo ya vitumbua, kila baba ana sura yangu. Mwongozaji, kijana mchangamfu mwenye kofia ya pama, alishika kipaza sauti tangu Tegeta na hakukiachia mpaka Bagamoyo, kilomita kama sabini kutoka katikati ya Dar. Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, kila kituo kina utani wake. Watoto walicheka. Kijana wangu alikuwa amevaa visikilizio, nikamwonea wivu.

Mjini Bagamoyo ratiba ilikuwa ya mbio: Ngome Kongwe dakika ishirini, boma la Wajerumani kwa nje, picha, tuondoke. Tuliambiwa kuwa hapa ndipo Wajerumani walipoweka makao makuu ya koloni lao kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891. Watoto walitaka kujua choo kiko wapi.

Caravan Serai, pale misafara ya kutoka bara ilipokuwa ikitua, ndipo mambo yalipobadilika. Mwongozaji alifungua begi lake akatoa mnyororo. Haukuwa wa makumbusho, ulikuwa wake mwenyewe, anatembea nao. Akaeleza jinsi watumwa walivyofungwa shingoni wakatembezwa kutoka Ujiji hadi hapa, kama kilomita 1,200, huku wamebeba meno ya tembo. Kisha akauliza nani anataka kuuvaa apigwe picha. Watoto wakagombania, na wazazi wakatoa simu.

Wangu niliwakataza. Kuna mzazi aliniangalia kama mtu anayeharibu sherehe, na labda ndivyo nilivyokuwa. Lakini mtoto wa miaka minane akishaupiga mnyororo picha ya kuchekea, ukija kumweleza baadaye maana yake unaanzia nyuma zaidi kuliko kama asingekwenda kabisa.

Binti yangu hakuwa hata anautaka mnyororo. Alikuwa amesimama mbele ya picha ya zamani ya mwanamume mwenye jino la tembo begani.

"Huyu hana mnyororo," alisema. "Huyu alilipwa?"

Mwongozaji alisema ni swali zuri sana, kisha akatuambia tukapande gari.

Swali lilikuwa zuri kweli, na jibu lake lipo. Wapagazi wengi waliobeba mizigo kati ya Bagamoyo na bara katika karne ya 19 hawakuwa watumwa. Walikuwa vibarua wa kukodiwa, na wengi wao Wanyamwezi. Kila mwaka walishuka maelfu kwa maelfu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, ukiacha mkeka wake, sufuria na chakula. Kutoka Unyamwezi hadi pwani ni miezi mitatu hivi kwa mguu. Walipatana ujira, mara nyingi vitambaa, na hasa ile marekani nyeupe iliyofumwa kwenye viwanda vya Marekani. Msafara ukiwapunja waliweza kuweka mizigo chini na kugoma. Meno ya tembo yenyewe yalikuwa yakienda Ulaya na Marekani kuwa vibao vya piano na mipira ya biliadi.

Na watumwa nao walikuwepo. Misafara hiyo hiyo ilileta watu waliotekwa au kununuliwa bara, wengine wakauzwa hapa kwenye mashamba ya pwani, wengine wakavushwa Zanzibar, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 chini ya Sultani Barghash. Mpagazi mwenye ujira na mtu aliyenunuliwa walitembea njia moja, wakalala kambi moja. Ndiyo sababu hata jina la mji lina wafasiri wawili. Wapo wanaosema bwaga moyo ni kilio cha mtumwa anayeuacha moyo wake bara kabla ya kupandishwa jahazi. Wapo wanaosema ni pumzi ya mpagazi aliyefika: tua mzigo, moyo utulie. Waongozaji hupenda la kwanza kwa sababu linaliza watu. Mimi nina sababu ya nyumbani ya kulipenda la pili, maana baba wa babu yangu alikuwa mpagazi. Hilo nimelisikia tangu utoto, likisemwa kwa kujivuna kama watu wengine wanavyosema babu yao alikuwa dereva wa gavana.

Nilimwambia binti yangu hivyo tukiwa njiani kuelekea misheni. Babu yake wa mbali alibeba mizigo mpaka hapa, na alilipwa. Alifurahi sana. Aliwatangazia Kosta nzima.

Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilianza mwaka 1868, na karibu yake kilikuwepo kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kilichowakusanya wageni ni mnara ambao mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Alifia Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Wenzake Waafrika walimtoa moyo wakauzika hukohuko, wakakausha mwili, wakaubeba kwa miezi hadi pwani. Waliouongoza msafara ule ni Chuma na Susi, na Chuma mwenyewe aliwekwa huru kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861, akiwa bado mdogo. Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi hawakuwepo. Walifika Uingereza maziko yameshapita.

"Na hao walilipwa?" Sasa lilikuwa swali la siku.

Walilipwa ujira wao Zanzibar, nikamwambia, wakaachwa watawanyike.

"Tu?"

"Tu."

Wakati wa chakula, chini ya miembe, nilimpigia simu shangazi yangu aliyeko Sikonge, mkoa wa Tabora. Nilitaka amsimulie mtoto mwenyewe habari za yule babu. Nilitegemea dakika tano za sifa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mko wapi, mbona upepo?"

Nilipomwambia Bagamoyo alicheka sana. Alisema babu alishuka pwani mara tatu. Ya kwanza alikuwa kijana hajaoa. Siku hizo kijana wa Kinyamwezi ambaye hajaiona bahari hakuhesabiwa kuwa mtu mzima, na mahari ilitafutwa njiani. Alirudi na vitambaa akapata majembe, na kwa majembe akaoa. Safari ya pili akajenga. Safari ya tatu, shangazi akanyamaza kidogo, akauliza kama simu iko kwenye spika. Nikaitoa.

Safari ya tatu, alisema, ndiyo iliyomleta yule bibi aliyemzaa babu yako. Hakuolewa kwa mahari. Alikuwa Mmanyema, msichana, na babu alimnunua kwa ujira wake kutoka kwa watu wa msafara. Jina walilokuwa wakimwita nyumbani walimpa wao. Jina alilokuja nalo hakuna mtu wa ukoo anayelijua.

"Mbona hamjawahi kusema?" nikamuuliza.

"Mlikuwa mnauliza habari za babu."

Simu ilikatika yenyewe au aliikata, sijui. Nilirudi mezani nikakuta pilau limepoa na binti yangu ananisubiri.

Nasimulia hili hapa kwa sababu sidhani kama ni la kwetu peke yetu. Kwa nyumba nyingi za Tabora, Kigoma, Ujiji na hata za pwani, ukirudi vizazi vinne nyuma unakutana na mtu aliyeuza, au aliyenunua, au aliyenunuliwa, na mara nyingine wote wamezikwa shamba moja. Wanyamwezi wa miaka ya 1880 walinunua watu kutoka Manyema, wakawafanya wakulima na wake, na watoto waliozaliwa wakawa wa ukoo. Shuleni tunafundisha kwamba utumwa ulifanywa na wageni, na ni kweli soko walilishika wao na faida kubwa ilikuwa yao. Lakini mtoto akiuliza swali la kawaida tu, la nani alilipwa, ile hadithi fupi haimtoshi tena.

Kaole tulifika saa nane kasoro. Ni kilomita chache tu kusini mwa mji. Huu ni mji uliokufa kabla Bagamoyo haijakua: magofu ya misikiti miwili ya mawe ya matumbawe na chokaa, mmoja ukihesabiwa miongoni mwa ya zamani kabisa katika bara la Afrika Mashariki, na makaburi, mengine yenye nguzo ndefu zilizopachikwa bakuli za Kichina. Bakuli zimeshaondoka, mashimo yake yapo. Inasemekana watu waliishi hapa kuanzia karne ya 13. Bahari ilijaa matope, mikoko ikaota pale majahazi yalipokuwa yakifunga, na biashara ikahama. Leo ukisimama msikitini huoni maji kabisa. Kwa wazazi nasema hapa ndipo pazuri kuliko pote kwa watoto, kwa sababu wanaweza kukimbia. Kuna kisima cha maji baridi karibu kabisa na chumvi, na kuna mbuyu mkubwa ambao eti ukiuzunguka unaongeza umri. Binti yangu aliuzunguka mara nane. Kijana wangu alivua visikilizio akazunguka mara moja, kwa siri.

Lipo pia kaburi la Sharifa, ambalo watu huja kuliombea dua hadi leo. Mwongozaji aliomba tushushe sauti. Nilimheshimu kwa hilo, baada ya yale ya mnyororo.

Kutoka Kaole hadi Mlingotini ndani ya Kosta nilimwambia binti yangu. Nilikuwa nimefikiri nitangoja awe mkubwa, lakini alishatangazia gari zima nusu ya habari, na hiyo nusu niliitoa mimi. Nilitumia maneno machache. Babu alilipwa. Kwa malipo yale alimnunua msichana aliyekuwa ametekwa kwao, mbali sana. Msichana yule ndiye aliyemzaa babu yangu.

Alifikiri.

"Kwa hiyo yeye hakulipwa."

"Hakulipwa."

"Na aliyemuuza alilipwa."

"Ndiyo."

"Alikuwa analia?"

Nikamwambia nadhani alilia, tena sana. Kaka yake, ambaye sikujua kama anasikiliza, aliuliza kama hiyo inatufanya sisi tuwe wa upande gani. Nikasema wa pande zote mbili. Akasema, "Mh." Binti yangu akageukia dirishani. Hakulia, na wala sikumwambia kwamba mambo hayo yamepita. Nilimpa kitumbua.

Mlingotini ni kijiji cha wavuvi na wakulima kata ya Zinga, kwenye ghuba iliyotulia kwa sababu mbele yake umelala ulimi mrefu wa mchanga, Ras Luale. Waongozaji hukiita kisiwa kwa kuwa wageni hupelekwa kwa mashua, nasi tuliahidiwa kuzungushwa "kisiwa". Ni rasi, lakini sikutaka kuharibu tena sherehe. Kijiji hiki kilisikika sana kwenye habari enzi za mradi wa bandari kubwa ya Bagamoyo, ule uliotiwa saini mwaka 2013 kisha ukasimamishwa mwaka 2019. Wengine tunakijua kwa mwani.

Tulifika saa tisa na robo, na bahari ilikuwa imejaa pomoni. Mwongozaji akasikitika: mashamba ya mwani yako chini ya maji, hakuna cha kuona, tupige picha ufukweni dakika ishirini. Dereva, mtu wa pwani huyo, akasema kwa sauti ya chini kwamba leo bamvua, mlitakiwa hapa saa nne asubuhi. Ratiba ya ziara ilipangwa ofisini. Mwezi haukuulizwa.

Lakini cha kuona kilikuwepo. Chini ya banda la makuti wanawake sita walikuwa wamekaa na marundo ya mwani mbichi, wanafunga vipande kwenye kamba, kipande kimoja kimoja, kama mtu anayeshona shanga. Kamba hizo maji yakipwa zinafungwa kwenye vigingi baharini, na baada ya wiki sita hivi mwani unavunwa. Kisha unaanikwa. Ukivuna kilo saba au nane mbichi unaambulia kama kilo moja kavu. Unauzwa nje, unatolewa utomvu unaogandisha vitu, na utomvu huo unaingia kwenye dawa za meno na aiskrimu. Kilimo hiki cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 kikaenea pwani hii, na kimekuwa kazi ya wanawake zaidi. Mlingotini ndiko kwenye kikundi cha wanawake kiitwacho Msichoke, jina ambalo nadhani linatosha bila maelezo.

Binti yangu aliamkia. Aliyeitikia ni bibi mwenye kanga iliyofungwa kichwani. Alimpa kipande akamwonyesha fundo. La kwanza likafunguka, la pili likashika. Akafunga kama kumi hivi, ndipo akauliza.

"Bibi, wewe unalipwa?"

Wote walicheka. Bibi akajibu bila kucheka sana. "Nalipwa mjukuu wangu, kwa kilo. Bei anakuja nayo mnunuzi."

Akamweleza, na mimi nikasikiliza. Zipo aina mbili. Kotonii ndiyo yenye bei, lakini maji siku hizi yanapata moto na kotonii haivumilii. Inapauka, inalainika, inakatika. Spinosamu inastahimili, lakini bei yake ni ndogo. Ukitaka kotonii ikuishie vizuri uipeleke maji ya kina, na huko unahitaji mashua na kujua kuogelea. Yeye hajui kuogelea. Mnunuzi ndiye anayewapa kamba, na ukishachukua kamba yake humwuzii mwingine.

"Na ukikataa bei yake?" Huyo alikuwa kijana wangu.

"Nikikataa naula?" Hapo wakacheka kweli.

Dakika ishirini zilikuwa arobaini. Mwongozaji aliita mara mbili, mara ya tatu akaja mwenyewe akakaa akafunga fundo. Mashua ya kuzunguka rasi haikuondoka, na baadhi ya wazazi walilalamika kwa haki kabisa, maana walilipia. Sisi tulinunua sabuni mbili za mwani. Binti yangu alitaka kujua bei kamili na akahesabu chenji mwenyewe.

Usiku ule shangazi alituma ujumbe. Yupo mzee mmoja, jirani, ambaye mama yake alikuwa akifuatana na yule bibi wa Kimanyema kwenda kisimani. Atamuuliza habari za jina. Bado tunasubiri.

Kwa mtakaokwenda: angalieni mwezi kabla ya kulipa. Bamvua huja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku chache kabla na baada, na katika siku hizo maji ya pwani hii hupwa kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Anzeni na Mlingotini, Kaole mchana, Bagamoyo mjini jioni kukiwa na kivuli. Watoto wavae viatu vya kulowa, maana chini kuna vigingi na visiki vya mikoko. Chukueni maji ya kunywa na fedha taslimu ndogondogo kwa ajili ya sabuni. Mkitaka kumpiga mtu picha akiwa kazini, mwombeni kwanza. Na mashua ya kwenda kwenye mchanga, patana nauli ya kwenda na ya kurudi mkiwa bado nchi kavu.